Kaniki ya Mama Haikatwi

Same, 3 Februari 1952

Kwa dada yangu Dorkasi, kambini kwa wagonjwa wa ukoma.

Shikamoo. Mwalimu Danieli alitufundisha kwamba barua huanza na "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Mimi ni mzima. Hofu sina, niliiacha stesheni siku ile garimoshi lilipokuchukua, na sijarudi kuitafuta. Mwalimu huyo huyo ndiye aliyenifukuza darasa la nne kwa kumchora ubaoni ana mdomo wa hondohondo, kwa hiyo tusimfuate sana.

Sasa kaa vizuri, maana habari ni kubwa. Mdogo wako ni fundi! Nipo barazani kwa Bwana Chande hapa Same mjini, nakanyaga cherehani, na wapita njia husimama kunitazama. Chande anasema wanafuata kivuli. Ana wivu.

Mama yake Chande, kikongwe ambaye Kiswahili chake ni "njoo" na "mjinga" basi, hukaa uani akipanga nguo kuukuu tabaka juu ya tabaka, anazipiga uzi mpaka zinakuwa mfarishi, lile blanketi zito la viraka wanalojifunika wao Wahindi. Nilimtazama siku nyingi. Nikasema moyoni, bibi huyu anashona miraba mitupu. Mimi nitashona picha.

Nitakushonea Vudee nzima, kijiji chetu chote. Nitaituma kipande kipande, kila kimoja ukubwa wa sinia, na vikitimia mtaviunganisha ulale chini ya kwenu. Na sikia ufundi: kila mtu namkata katika nguo yake mwenyewe. Mjomba Eliufoo nimemkata kwenye suruali ya khaki aliyorudi nayo kutoka vita vya Bama, kule Asia. Alinipa kiraka cha makalio. Kwa hiyo uso wa mjomba, dada, ni makalio ya mjomba. Usimwambie. Pamoja naye nimeweka kitu kingine, sikutajii. Fundi wa kweli haelezi picha.

Aliyenishinda ni mama. Jumapili nilipanda mlima nikamwomba kaniki yake, pindo tu, la upana wa kidole. Alinifukuza na mwiko! "Kaniki hii ataikata atakayenizika. Umekuja kunizika?" Nikasema, mama, ni kwa ajili ya Dorkasi. Akaushusha mwiko. Halafu: "Dorkasi akirudi ataniona mimi mwenyewe. Kitambaa cha nini?" Akafungua fundo la ugoro kwenye pembe ya kaniki hiyo hiyo, akageukia ukuta na kunusa, ili mchungaji asimwone kutoka huko Same aliko.

Meza vidonge.

Mdogo wako, Fundi Mkuu wa Picha za Nguo, Tanganyika Nzima,
Asheri Zebedayo


Kambini, 24 Februari 1952

Kwa mdogo wangu Asheri.

Marahaba, mwenye majina marefu kuliko suruali. Anayeandika ni jirani yangu wa kitanda, Saada, mtu wa Handeni, kwa sababu vidole vyangu havishiki tena kalamu. Ukiona mwandiko mzuri, usinisifu mimi.

Unanihimiza vidonge. Ni vipya, vimeletwa badala ya zile sindano za mafuta. Dresa, anayetufunga vidonda, anasema anayemeza bila kuruka ataruhusiwa kurudi kwao. Wengine wamekwisha kwenda. Nakuambia kweli, Asheri, si kwa ajili ya dresa nameza. Ni kwa ajili ya mama. Pale stesheni wewe ulikuwa unafanya mzaha na mapota wa mizigo, mama alinishika hivi hivi nilivyo, mbele za watu, akasema, "Nitakuwa mlangoni." Kila asubuhi nikipewa kidonge namwona amesimama mlangoni. Siku atakapochoka kusimama, na mimi nitachoka kumeza.

Picha imefika. Mjomba amekaa vizuri, na yule mbuzi wake mwekundu amependeza sana.

Ni mimi dada yako,
Dorkasi


Same, 9 Machi 1952

Dada Dorkasi, shikamoo, ingawa leo nimekuamkia kwa shingo upande.

Mbuzi? MBUZI? Yule ni ng'ombe! Ana pembe, ana nundu, ana mkia mpaka chini! Na wekundu umeutoa wapi? Ni mweusi tii, nimemkata kwenye mwavuli wa mchungaji uliopasuliwa na upepo, ng'ombe wa Kilutheri kabisa, hata Jumapili hafanyi kazi. Nilimwonyesha Chande, akasema "ng'ombe." Nilimwonyesha kichaa wa sokoni, akasema "ng'ombe," kisha akaomba maziwa. Dada yangu wa tumbo moja anasema mbuzi.

Najua. Unanicheka kwa kuwa nilifukuzwa shule.

Haya, natuma kipande cha pili. Hiki hata asiyejua kitu atakijua, ni mahali ulipokuwa ukinizamisha kichwa nikikataa kuoga. Ukikosea safari hii nitashona miraba kama yule bibi, nikuachie baridi yako.

Fundi Mkuu aliyedharauliwa,
Asheri


Kambini, 30 Machi 1952

Mdogo wangu Asheri,

Samahani kwa ng'ombe. Nilikuwa na usingizi. Kipande cha pili nimekipenda kupita cha kwanza. Yale maua ni mazuri. Usiache kushona, Asheri. Nakuomba usiache.

Dada yako,
Dorkasi

Asheri, hapa chini ni mimi Saada mwenyewe, yeye amelala na hajui. Dada yako haoni. Macho yalimwisha tangu Krismasi, yalianza kama ukungu. Na vidole vyake havisikii moto wala sindano. Kilichobaki kinachosikia ni midomo. Vipande vyako huvipitisha midomoni, pole pole, kama mtu anayesoma. Nikitaka kumweleza hukataa, anasema, "Huyu ni Asheri, nitamjua mwenyewe." Kile cha pili alikaa nacho adhuhuri nzima, ndipo akasema maua. Mimi nadhani ni maji. Hataki ujue, anasema ukijua mama atajua, na mama akijua ataanguka pale mlangoni. Usimwambie nimekuambia. Saada binti Chambo.


Same, 13 Aprili 1952

Dada Dorkasi, shikamoo sana.

Simama kidogo kabla ya kunicheka. Fundi Mkuu amechoka na picha za kutazama. Kutazama kila mtu anaweza, hata mbuzi (nisamehe, hata ng'ombe). Nimebuni mtindo ambao haupo Tanga wala Nairobi: picha ya midomo.

Nimemwibia mama yake Chande. Yeye akiletewa kitambaa hakitazami, anakipitisha mdomoni, hivi, na kusema bei. Basi nami nimeanza kila kitu upya. Nisikilize, nakupa ufunguo. Hariri ya sari kuukuu, inayoteleza na kupoa, ni maji. Kwa hiyo kile kipande cha pili hakikuwa maua hata kidogo, kilikuwa ndiva, bwawa letu pale juu ya mfereji. Ila sikulaumu, nilikuwa nimekishona kwa bafta, pamba tupu, kama mjinga. Gunia ni mwamba. Kipande cha blanketi ni ukungu wa mlima Shengena unaposhuka. Uzi wa katani uliosimama ni mgomba. Watu nimewajaza sufi, wametuna, utawapanda kama vilima. Nyumba yetu nimeijenga kwa magunia, na mlango nimeuacha wazi, shimo tupu, mpaka nimpate wa kusimama hapo.

Ni mtindo mgumu. Nilidungwa sindano nikalia mbele ya wateja. Sindano tu. Na karatasi hii imelowa kwa sababu masika yameanza na baraza la Chande linavuja.

Vaa picha hizi mdomoni, dada. Ndiyo mitindo ya sasa.

Mimi Asheri


Kambini, 27 Aprili 1952

Asheri! Asheri wewe!

Ndiva! Nimeijua kabla Saada hajafungua kinywa. Nimeogelea ndani yake kwa midomo, nikakuzamisha kichwa. Nimepanda mwamba, nimepita migombani, nimeingia ukungu mpaka meno yakagongana. Mjomba nimemjua: amevimba vile vile alivyo. Wanawake wa bweni zima wanapanga foleni kuionja Vudee, na Saada anawagombeza kwa mate yao.

Nimefika mlangoni, Asheri. Hamna mtu. Nipe mama. Mbembeleze, mwibie, fanya uwezavyo, lakini mlango usikae wazi hivyo.

Dada yako mwenye afadhali,
Dorkasi


Vudee, 29 Aprili 1952

Kwa mpwa wangu Asheri, Same.

Keti kwanza. Mama yako ametutoka. Ilikuwa kichomi, alinyeshewa kwenye msaragambo, kijiji kizima tukizibua mfereji, akakataa kurudi nyumbani kabla ya wenzake. Nilimtuma kijana wa jirani, Filipo, akuite, akakuta mto umefunika daraja, akarudi. Nikamtuma tena, akarudi tena. Mvua haikutuachia nafasi ya kungoja. Tulimzika jana. Najua utanichukia kwa hilo, nichukie, nitavumilia.

Alikutaja, akakutukana kidogo, kwa upendo. Halafu akauliza kama mlango umefungwa. Tukasema la. Akasema vizuri.

Kaniki yake ipo kwenye kamba ndani. Hakuna aliyeigusa. Unajua neno lake, na unajua desturi ya nyumba ile: nguo ya mama hukatwa na mtoto mkubwa, ndilo pigo la mwisho la mazishi. Na mtoto mkubwa yuko kambini. Basi imekaa.

Dorkasi asiambiwe. Yule binti amejishikiza kwa uzi mmoja, usiukate. Ngoja atoke.

Mjomba wako,
Eliufoo


Same, 18 Mei 1952

Dada Dorkasi, shikamoo, shikamoo tena!

Amekubali! Mama amekubali! Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikampigia magoti, nikamwahidi kibati cha ugoro wa Tanga, mpaka akacheka akasema, "Chukua, unisumbue kaburini huko." Yaani alisema nisimsumbue. Anasema kwa mzaha, unamjua. Ni mzima kabisa. Anakula. Jana alimfukuza mbwa wa Filipo mpaka bondeni, mbio kama msichana, na alikuwa anaimba, na kikohozi hana, hajawahi kuwa nacho.

Basi huyu hapa, mama mzima, nimemkata kwenye kaniki yake na kumjaza sufi mpaka akanona. Nimemtuma peke yake, bila kipande. Saada amshone pale mlangoni.

Hawezi kuja kukuona kwa sababu ya mvua. Baada ya mvua kuna palizi. Baada ya palizi tutaona.

Mimi nina kazi nyingi sana, naandika mbio. Kila kitu ni kizuri.

Fundi Mkuu, nk.,
Asheri


Kambini, 15 Juni 1952

Asheri mwongo mkubwa,

Mama gani huyu? Huyu ananuka duka! Nimemweka mdomoni nimekuta wanga na rangi mbichi, ulimi wangu ukawa buluu, Saada akafikiri nimekufa. Mama yangu ananuka moshi, na maziwa, na ugoro pembeni. Kumbe mzee amekushinda tena, nawe ukaenda kwa Chande kununua mama! Tumecheka hapa mpaka dresa akaja.

Lakini sasa nisikilize bila mzaha. Sina nguvu za mwezi ule. Miguu imefunguka vidonda, na kuna asubuhi mlango siuoni hata ndani ya kichwa. Kuna jambo nimekuficha na sasa lazima mama alijue. Macho yangu yamekwisha, Asheri. Nenda ukamwambie. Mwambie hivi: mama, ulisema nikirudi nitakuona mwenyewe, kitambaa cha nini. Sitakuona tena. Hata nikirudi kesho sitakuona. Kwa hiyo sasa nakihitaji kitambaa.

Akisikia hilo hatakataa. Namjua. Nataka kidogo tu, upana wa ukucha, mradi kiwe kimemgusa mwilini.

Dada yako,
Dorkasi


Same, 29 Juni 1952

Mjomba Eliufoo, shikamoo.

Nimetumiwa barua na dada. Anaomba kitu kimoja tu duniani na kitu hicho kipo kwenye ile kamba. Nikikata upana wa ukucha nikampelekea, nitakuwa nimekata kisicho changu kukata, maana mimi sikumzika na mkubwa si mimi. Na akikipata atafurahi, atamshukuru mama, atamtumia salamu. Mjomba, nitazijibuje? Nitakuwa mama mpaka lini? Nikikaa kimya, anakufa na njaa ya pua. Nikisema, uzi unakatika.

Wewe ulipigana Bama. Huko mlifanyaje mtu akiwa mbele yake risasi na nyuma yake mto?

Asheri


Vudee, 6 Julai 1952

Mpwa wangu,

Wengi walichagua mto, na wengi walizama. Nakuomba unyamaze mpaka mavuno.

Eliufoo


Same, 13 Julai 1952

Dada, shikamoo.

Nimemwambia mama, macho na yote. Amesikitika. Lakini kaniki bado anakataa. Unamjua na ukaidi wake. Anasema meza vidonge.

Asheri


Kambini, 10 Agosti 1952

Kwa Asheri, kutoka kwa Saada. Hajanituma.

Umefanya nini, kijana? Ulipoandika kwamba mama amekataa, Dorkasi alinitaka niisome tena. Nikaisoma. Akasema, "Mama amesikia kwamba macho yangu yamekufa, na bado ameninyima ukucha wa kaniki. Basi ananiona najisi kama wengine. Amefunga mlango." Hakulia, na hilo ndilo baya. Tangu hapo anaishukuru chai na kuirudisha. Niliona anameza vidonge mbele ya dresa, nikatulia. Juzi nikitandika nikasikia mjomba wenu wa khaki analia kama kayamba. Nikampapasa: ameshonolewa mbavuni, na ndani ya sufi ni vidonge, vyote, hajameza hata kimoja. Nimeviacha humo humo, naogopa wakimjua watamhamishia jumba la wale wasioamka.

Sijui mama yenu ni mtu wa namna gani. Lakini kama ana moyo, aupeleke posta haraka.

Saada binti Chambo


Same, 17 Agosti 1952

Dada,

Nilipanda Vudee jana. Mjomba alisimama mbele ya kamba, nikamwonyesha barua ya Saada, akasogea.

Ndani ya furushi hili imo yote. Haijafuliwa. Haijakatwa. Mkasi ni wa Chande, aliusahau mezani, au nilimsaidia kuusahau.

Mama hakukunyima. Ile Julai hakuwa na mdomo wa kukunyima. Maneno yale yote yalikuwa yangu, yeye alikwisha nyamaza tangu Aprili. Nami sikuwahi, mto ulikuwa umejaa. Hatukumzika, dada, wewe wala mimi.

Mtoto mkubwa ni wewe. Kata.

Asheri


Kambini, 14 Septemba 1952

Asheri,

Furushi lilipofika Saada alitaka kusoma barua kwanza, nikamwambia angoje. Niliishika kaniki usoni. Moshi. Maziwa. Ugoro. Nikapiga kelele bweni zima lisikie, "Mama amefungua!" Kisha nikaanza kuipitisha midomoni, ukingo wote, pembe hadi pembe, nitafute pale ulipokata ukanikatia mimi. Hapajakatwa. Nikarudia. Ni nzima. Na mama hana kaniki nyingine, Asheri. Akiwa hai angeivua yote, abaki na nini? Nilijua hapo, barua bado imefungwa.

Nilikutukana kwa Kichasu cha kwetu mpaka Saada akaziba masikio, na hajui hata neno. Umenilisha mama wa dukani. Ukamwekea mdomoni maneno ya kunikataa, yeye aliyenishika mbele ya watu wote wa stesheni. Kwa hilo nitakupiga. Siwezi sasa, lakini nitakupiga.

Kisha tukaikata. Saada alishika jicho moja la mkasi, mimi nikalisukuma la pili kwa kiganja. Sikusikia chuma. Nilisikia sauti yake tu, ile kaniki inavyolia ikipasuka. Wanawake wakasimama. Pembe yenye fundo la ugoro tumeizika nyuma ya bweni, upande linakotokea garimoshi. Wakanipa udongo mkononi, sikuusikia, nikaomba niwekewe kidogo mdomoni, nikautema shimoni. Ndivyo nilivyomzika mama.

Mama wa duka tumemfumua, tumemvika kaniki ya kweli, amesimama mlangoni. Iliyobaki nimejifunga.

Sitakudanganya kama ulivyonidanganya. Usiku ni mrefu, na mchana wangu nao ni usiku. Zamani nilimeza kwa kuwa kuna anayeningoja. Sasa hakuna anayeningoja, na kidonge hakipiti kooni. Lakini mtu aliyezika hana budi aende kuliona kaburi, hata kwa midomo. Basi nasukuma kwa maji. Mjomba tumemtoa vidonge mbavuni, amekonda, amependeza.

Kwenye mfarishi wako mimi simo. Najua kwa nini, huna nguo yangu. Natuma ukanda wa gauni la kambi. Wameuchemsha kabla ya kuutoa getini. Nikate humo.

Dorkasi, mtoto mkubwa


Same, 5 Oktoba 1952

Dada Dorkasi, shikamoo.

Ukanda umefika. Unanuka dawa mpaka nzi wa baraza wamehama. Chande alipojua ulikotoka aliruka ukuta akaita kiberiti. Mama yake akatoka uani, akauchukua ule ukanda, akaupitisha midomoni mwake polepole, wote, kisha akamtazama mwanawe akasema, "Mjinga." Akanitazama mimi akasema, "Njoo." Tukakaa mkekani, yeye akashika sufi, mimi sindano, na huyu uliye naye mkononi ni kazi ya watu wawili. Kwa hiyo ukimwona ana shingo nzuri, shingo ni ya bibi. Kichwa kikubwa ni ufundi wangu, nimekufuata wewe mwenyewe.

Nimeuliza ruhusa ya kukuona. Wanasema ningoje. Nimewaandikia tena, kwa Kiingereza changu cha darasa la nne, wataniruhusu ili nisiandike ya tatu.

Sasa mwambie Saada anishikie maagizo vizuri. Akushone mlangoni kwa mama. Mguu mmoja ndani, aupige uzi mara mbili, usitoke. Wa pili uko nje ya kizingiti. Huo asiushone hata kidogo, aubane kwa pini niliyoichomeka hapo. Itakuchoma midomo kila ukipita. Ni makusudi. Nataka uudhike.

Mguu huo ni kazi yangu, na siifanyi kwa posta. Nitaushona huko Vudee, wewe ukiwa umekaa kizingitini ukinitukana kwamba nimeuweka upande.

Mdogo wako, fundi,
Asheri